Mshipa wa Fahamu Uliokatika Huotaje Tena?

Mtu akikatwa na panga au kigae cha chupa penye kifundo cha mkono, watu wa nyumbani huitazama damu. Damu ikikoma na jeraha likafunga, hushukuru wakadhani mambo yamekwisha. Walakini baada ya siku chache mgonjwa husema kidole chake kimekufa ganzi. Hushika sufuria ya moto asijue mpaka asikie harufu ya ngozi yake ikiungua. Hapo ndipo ijulikanapo ya kuwa umekatwa na mshipa wa fahamu pia. Je, huota tena? Naam, huota, lakini kwa masharti, nasi twapenda kuyaeleza, kwani wengi hukata tamaa mapema, na wengine huchelewa kwenda hospitali.

Mshipa huo kwa macho ni kama kamba nyeupe, na ndani yake mna nyuzi maelfu, nyembamba kuliko unywele. Kila uzi ni mkono mrefu wa chembe hai moja iliyo ndani ya uti wa mgongo au kando yake. Mwaka 1850 tabibu Mwingereza, Augustus Waller, alieleza jinsi alivyokata mishipa ya ulimi wa chura, akaona ya kuwa kipande kilichotengwa na asili yake huharibika chote hata mwisho, na kilichoshikamana na asili husalia hai. Hicho kilichosalia ndicho kichipuacho.

Kile kilichokufa nacho kina kazi yake. Nyuzi zake hutoweka, lakini chembe zilizokuwa zikizivika, ziitwazo seli za Schwann, hubaki. Husaidia kusafisha mabaki, kisha huongezeka na kujipanga safu safu mfano wa mfereji, zikitoa vitu vya kuvuta nyuzi mpya.

Taabu iko penye pengo. Ncha mbili zikiachana, baina yao hujaa majimaji na utando wa damu iliyoganda, na uzi mchanga hauwezi kupita huko peke yake. Mwaka 2015 wataalamu wa London walionyesha katika wanyama jinsi daraja linavyojengwa, na twaona ni jambo la ajabu. Chembe za ulinzi wa mwili huhisi upungufu wa hewa ya oksijeni mle pengoni, zikatoa kitu kinachoita mishipa midogo ya damu. Seli za Schwann hutambaa juu ya mishipa hiyo, na nyuzi hufuata nyuma yake. Basi damu hutangulia, fahamu ikafuata. Pengo likiwa pana mno, nyuzi hupotea njia, zikajikunja na kufanya kinundu chenye maumivu.

Kwa hiyo daktari hushona ncha kwa ncha zikifikiana bila kuvutwa. Zisipofikiana, hutwaa mshipa wa hisi nyuma ya muundi, akaupandikiza pengoni. Mgonjwa hupata ganzi kidogo ubavuni mwa mguu, na hiyo ndiyo bei yake. Kwa mapengo mafupi, yasiyozidi sentimita 3 hivi, hutumiwa pia mirija.

Mwendo wa nyuzi ni kama milimita 1 kwa siku. Toka kifundo cha mkono hata ncha ya kidole ni sentimita 18 hivi, yaani miezi sita. Toka kwapani ni zaidi ya mwaka, na msuli uliokaa bila mshipa wake mwaka mmoja au mmoja na nusu huwa umekonda mno hata hauamki vyema. Hiyo ndiyo sababu ya kuhimiza haraka.

Henry Head, tabibu wa London, alijitolea nafsi yake. Aprili 1903 alikatwa mishipa ya hisi ya mkono wake wa kushoto, ikashonwa kwa hariri, kisha rafiki yake W. H. R. Rivers akampima huko Cambridge kwa miaka minne. Maumivu ya sindano yalirejea kwanza, baada ya wiki kadhaa, lakini Head hakuweza kusema sawasawa yako wapi. Mguso mwepesi wa pamba ulichelewa sana kurudi.