Vihingo Isipotee Kwenye Faili: Namna ya Kuchagua Safu za Takwimu kwa Usahihi

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania ilifanya Sensa ya Watu na Makazi ambayo kwa mara ya kwanza ilitumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Matokeo yaliyotangazwa jijini Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Oktoba mwaka huo yalionesha kuwa nchi ina watu 61,741,120. Idadi ya watu ilitolewa hadi ngazi ya kata, hivyo Vihingo, mojawapo ya kata za Wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, ina mstari wake katika majedwali hayo sawa na kata yoyote ya mjini.

Mstari huo hutegemewa pale Halmashauri inapokadiria madawati, dawa za zahanati au visima vya maji. Hata hivyo, takwimu sahihi iliyokusanywa kwa gharama kubwa inaweza kuharibika mezani kwa afisa, katika hatua ambayo wengi huiona ndogo: kuingiza faili kwenye programu ya uchambuzi na kuchagua safu zinazohitajika.

Faili la takwimu hupangwa kama daftari la mahudhurio. Kila mstari ni mtu, kaya au eneo. Kila safu ni taarifa moja, kama vile umri, jinsi, elimu au chanzo cha maji ya kunywa. Mchambuzi huhitaji safu chache tu kati ya nyingi zilizopo. Sampuli ya asilimia 10 ya Sensa ya mwaka 2012, iliyohesabu watu 44,928,923, ina mistari takribani milioni 4.5. Iwapo kila taarifa ya namba huchukua baiti 8, safu moja hujaza takribani megabaiti 36 za kumbukumbu ya kompyuta. Safu 100 hufikia gigabaiti 3.6, kiasi ambacho kinaweza kuilemea kompyuta mpakato ya kawaida ya ofisini inayofanya pia kazi nyingine. Safu sita hazizidi megabaiti 220.

Wakati mwingine kuchagua si hiari. Faili la wanawake la Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 lina safu zinazohesabika kwa maelfu, ilhali toleo la msingi la programu ya Stata lina ukomo wa safu 2,048. Mtumiaji wa toleo hilo hulazimika kuandika neno "use", kisha majina ya safu anazozitaka, kisha "using" na jina la faili. Katika lugha ya R, kazi hiyo hufanywa kwa kipengele cha "col_select" au "select", kutegemea kifurushi kinachotumika. Katika Python, maktaba ya pandas hutumia "usecols". Ifahamike kuwa faili la maandishi la CSV bado husomwa lote, mstari kwa mstari, hata kama safu zitakazobaki ni tatu. Kinachookolewa ni kumbukumbu, si lazima muda. Mafaili yaliyohifadhiwa kwa safu, kama ya Parquet, ndiyo huruhusu programu kuruka kabisa safu zisizotakiwa.

Ugumu uko katika kujua safu ipi haipaswi kuachwa. Afisa anayetafuta idadi ya watu wa Vihingo anaweza kuchukua safu mbili tu, namba ya kata na idadi ya watu, akaamini kazi imekwisha. Namba za kata huanza upya katika kila wilaya, kwa hiyo namba aliyonayo inazihusu kata nyingine nyingi nchini. Akijumlisha kwa namba hiyo peke yake, Vihingo itachanganywa na kata ambazo hazijawahi kupakana nayo, na programu haitatoa onyo lolote. Safu za mkoa na wilaya lazima ziingie pamoja na ya kata.

Mtego mwingine ni sifuri ya mbele. Mkoa wa Pwani hutambulika kwa namba 06. Programu ikiachiwa iamue yenyewe aina ya safu, huona tarakimu na kuigeuza kuwa 6. Faili la pili, lenye orodha ya shule au vituo vya afya, likiwa limetunza 06, mistari ya Pwani haitaoana, na Vihingo itatoka bila shule hata moja. Mtu asiyeifahamu kata hiyo anaweza kuliamini jedwali la namna hiyo. Dawa yake ni kuiagiza programu, tangu mwanzo, isome safu za namba za maeneo kama maandishi.

Kwa takwimu za tafiti za sampuli, safu inayosahaulika zaidi ni ya uzito, yaani namba inayoonesha kila mhojiwa anawakilisha watu wangapi kwa uwiano. Mikoa mitano ya Zanzibar ni sehemu ya mikoa 31 ya nchi, lakini kwa Sensa ya 2022 ilikuwa na watu 1,889,773, takribani asilimia 3 ya Watanzania wote. Ili kila mkoa upate matokeo yake, utafiti huhoji watu wengi kuliko uwiano huo katika mikoa midogo. Bila uzito, wastani wa kitaifa hupinda. Katika faili la wanawake lililotajwa, safu hiyo huitwa v005 na hugawanywa kwa 1,000,000 kabla ya kutumika. Hata hivyo, uzito hauwezi kuufanya utafiti wa ngazi ya mkoa uzungumzie kata. Anayeitaka Vihingo arudi kwenye sensa.

Kuna pia safu zinazopaswa kuachwa kwa sababu za kisheria. Orodha za wanufaika zinazotunzwa na ofisi huwa na majina, namba za simu na namba za Kitambulisho cha Taifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zinazochakatwa zisizidi lengo lililokusudiwa. Anayehesabu kaya zenye wazee hahitaji simu za wazee hao, na safu ambayo haikuingizwa haiwezi kuvuja katika nakala inayotumwa kwa barua pepe.

Baada ya kuingiza, afisa ahesabu mistari na kulinganisha jumla na iliyochapishwa. Kata zote za Pwani zikijumlishwa kwa Sensa ya 2022 zinapaswa kutoa watu 2,024,947. Ikipungua au kuzidi hata kwa mtu mmoja, afunge jedwali na kurudi kwenye orodha ya safu alizochagua.