Juu ya nini mkono hukimbilia upande wa sauti?

Mteja kwenye pikipiki anainama karibu na sikio la kushoto la dereva na kumwambia: «Kata kuume!» Agizo ni wazi. Lakini ubongo wa dereva umepokea mambo mawili kwa pamoja: neno linalomtuma kuume, na sauti inayotoka kushoto. Upande wa sauti hauna kazi yoyote katika agizo hilo, ila unaweza kuchelewesha mkono.

Wataalamu wa saikolojia walipima jambo hilo zamani. Mwaka 1967, J. Richard Simon na Alan Rudell, wa Marekani, waliwasikilizisha watu maneno «kuume» na «kushoto», mara katika sikio moja, mara katika lingine. Kazi yao ilikuwa kubonyeza kitufe cha upande uliotajwa, bila kujali sikio. Neno «kuume» liliposikika katika sikio la kuume, jibu lilikuja haraka. Liliposikika katika sikio la kushoto, walichelewa.

Mbele ya hapo, mwaka 1935, John Ridley Stroop alionyesha jambo la namna hiyo kwa macho. Wanafunzi wa chuo waliombwa kutaja rangi ya wino, lakini wino huo ulikuwa umeandika jina la rangi nyingine: neno «nyekundu» kwa wino wa buluu, kwa mfano. Kwa maneno 100 walitumia wastani wa sekunde 110. Kwa alama za rangi zisizo na neno, sekunde 63 zilitosha.

Wataalamu wengi hueleza kwamba kichwani kuna njia mbili. Moja ni ya haraka na haingoji ruhusa: anayejua kusoma husoma tu, na mkono huvutwa kule sauti inatoka. Nyingine hufuata agizo, polepole. Zikipingana, ubongo unalazimika kuzuia jibu la kwanza. Hapo muda unapotea, ao kosa linatokea.

Muda huo ni mdogo sana. Hata hivyo, pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita karibu mita 11 kila sekunde. Kuchelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde ni zaidi ya mita moja, na kwenye barabara iliyojaa watoto wa shule mita moja ni nyingi.

Kujua hayo pekee hakutoshi kuondoa mvutano huo. Kinachosaidia ni kuupunguza: mteja aseme mapema, mbele ya kufika njia panda, ao aguse bega la upande anaotaka.