Keki ya Mbung'o: Sayansi ya Lambwe Iko na Mabawa

Kama kuna beshte anamaliza digrii ya bayolojia na mbogi inataka kumfanyia form ushago Lambwe, achaneni na keki ya roketi. Hio imechapwa Nairobi mpaka ikaboo. Lambwe iko na sayansi yake.

Nasemea mbung'o. Huyu mdudu ndio alifanya bonde ya Lambwe ijulikane na maprofesa wa mbali. Alimada ng'ombe na nagana, akawapea wasee malale, na shamba nyingi zikakosa mwenyewe. Ndio maana pori ya Ruma bado iko, na ndani yake wale swala korongo wa mwisho Kenya. Agosti 2025 WHO ikasema malale si tatizo tena ya afya ya umma Kenya. Mgonjwa wa mwisho wa hapa Kenya alipatikana 2009. Ng'ombe bado wanaumwa lakini, so usijifanye vita imeisha. Keki inatosha kwa sasa.

Kwanza, kuoka. Oka keki nzito ya siagi, si ile laini ya hewa, juu fondanti ina uzito. Huna ovena? Sufuria, jiko, makaa juu ya kifuniko, wamathe wameoka hivo kitambo. Fondanti ya bei ya wasee: yeyusha mashmelo na maji kidogo, mwaga aising, paka mikono Kimbo, kanda mpaka iache kushika. Usiiweke friji. Ikitoka inajasho na rangi inachuruzika.

Keki yenyewe ifunge bluu, na nyeusi pande moja, juu weka neti nyeupe ya aising. Hio ni mtego. Bluu inamvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi ndio anatua juu yake. Wasee wa ICIPE, ile taasisi ya wadudu Thomas Odhiambo alianzisha 1970 na iko na kampasi hapo Mbita, wamechezea hizi mitego miaka mob. Kando yake kunawekwanga mkojo wa ng'ombe, juu mdudu anafuata harufu. Wewe weka kachupa ka sirapu ya sukari nguru, mwambie dani, yaani shosho, ni mkojo, cheki uso yake.

Sasa mdudu, na hapa ndio wengi huchoma. Wanatengeneza nzi wa choo. Mbung'o ni brauni ya vumbi, na tumbo iko na mistari ya giza. Changanya kakao kwa fondanti kwanza, alafu rangi nyeusi tone moja tu. Ukianza na nyeupe utamwaga rangi mpaka ikuwe chungu. Mdomo unaangalia mbele: tumia kipande ya spageti kavu, si kijiti ya meno, kuna watoto. Mabawa ni geletini iliyokaushwa kwa polithini, na yanalaliana juu ya mgongo kama makasi yamefungwa. Ukiyatandaza kando, odijo yeyote wa bayolojia atakucheka, na atakuwa sawa.

Tumbo itoboe uijaze jemu nyekundu. Dume na jike wote hunyonya damu, so usijisumbue kuchagua. Ama chagua jike, mi ndio nampenda. Hatagi mayai kama nzi wengine. Analea buu moja ndani yake, analinyonyesha maziwa, alafu analizaa likiwa limenona na linajichimbia kwa mchanga. Kwa hivo finyanga kabuu keupe, weka nukta mbili nyeusi nyuma yake, zika katikati ya keki kabla hujaifunga bluu.

Barabara ni ya vumbi na nduthi haina huruma, so mdudu abebwe kwa mkebe yake, apandishwe juu ya mtego mkifika. Mwenye atapata buu kwa kipande yake anaosha vyombo. Hakuna kubishana, hata kama ndio mwenye digrii.