Jasho la mtaa nalo ni fedha

Mvua kubwa inaponyesha usiku juu ya vilima vya mashariki ya Bujumbura, mzazi aishiye kando ya korongo la Gasenyi hana usingizi wa raha. Anayo sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 maji ya korongo hilo yalifurika, yakashuka pamoja na matope na mawe hadi katika mitaa ya kaskazini ya jiji, Kamenge, Kinama na Buterere ikiwamo. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Maelfu walibaki bila makazi.

Baada ya msiba wa namna ile huulizwa: ni nani ajenge mifereji? Wako wasemao kuwa hiyo ni kazi ya Serikali peke yake, na wako wasemao kuwa wenyeji wajitegemee. Kila upande una nusu ya ukweli. Korongo lenyewe linataka wahandisi, mitambo, na kuta za mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya. Haifai kuwaachia wenyeji na majembe yao. Lakini mfereji wa kichochoro, kalvati lililozibwa na taka, au daraja dogo wanalopita watoto waendao shule, hayo yako katika uwezo wa mtaa ukisaidiwa. Hapo ndipo inapofaa njia ya kuchangiana: mtaa unaweka fungu lake, na wenye mamlaka wanaongeza lao.

Njia iliyokwisha jaribiwa

Njia hii si ngeni. Jiji la Seattle, huko Marekani, lilianzisha mwaka 1988 mfuko wa kulinganisha michango ya mitaa. Wakazi wanaotaka kupanda miti au kutengeneza uwanja wa watoto huonyesha kwanza watakachotoa wao wenyewe, nalo jiji huongeza fedha. Jambo la kuzingatia ni kwamba fungu la wakazi si lazima liwe fedha taslimu. Saa za kazi ya kujitolea, vifaa, na ujuzi wa fundi, vyote hutiwa thamani na kuhesabiwa.

Karibu zaidi na kwetu, katika mtaa wa Hanna Nassif huko Kinondoni, Dar es Salaam, wakazi waliosumbuliwa na mafuriko waliungana katika miaka ya 1990 wakajenga mifereji na njia. Halmashauri ya jiji, Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine walisaidia kwa fedha na utaalamu. Wenyeji walishiriki katika kazi yenyewe na katika kuchangia. Walichokipata hakikuwa mifereji tu, bali pia chama cha mtaa kilichozoea kusimamia mali ya wote.

Mlango wa Burundi

Kwetu Burundi, fedha za maendeleo ya mitaa hupitia tarafa. Mwaka 2007 uliundwa Mfuko wa Taifa wa Uwekezaji wa Tarafa, ujulikanao kwa kifupi cha Kifaransa kama FONIC. Kuanzia mwaka 2018 Serikali ilitenga faranga milioni 500 kwa mwaka kwa kila tarafa, wakati ambapo tarafa zilikuwa 119. Kwa mageuzi ya sheria ya mwaka 2023, yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, tarafa zimekuwa 42. Maana yake ni kwamba tarafa moja sasa ina milima na mitaa mingi zaidi, na kila mmoja una haja zake. Mtaa usiosema, au unaosema bila maandishi, ni rahisi kusahauliwa.

Basi ndugu msomaji, mambo haya yafuatwe kwa utaratibu. Kwanza, wakazi wakutane na kuchagua jambo moja tu. Akina mama wapewe nafasi ya kusema, kwani wao ndio wajuao maji huingilia mlango upi na huanza saa ngapi. Pili, jambo hilo lifikishwe kwa mkuu wa mtaa, ili liingizwe katika mpango wa maendeleo wa tarafa. Mradi usiokuwa katika mpango ni vigumu kupata fedha. Tatu, fundi apime urefu na kina, aandike gharama. Nne, mtaa uandike fungu lake.

Hesabu ya daftari

Hapa ndipo wengi hujipunja. Tuchukue mfano: watu 30 wakifanya kazi saa 3 kila Jumamosi, kwa Jumamosi 8, watakuwa wametoa saa 720. Ukigawa kwa saa 8 za kutwa, hizo ni siku 90 za kibarua. Zidisha kwa ujira wa kutwa wa mahali penu, utaona fungu ambalo hakuna aliyelitoa mfukoni. Lakini saa zisizoandikwa hazina shahidi. Linunuliwe daftari la shule, liandikwe tarehe, jina, saa na sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole.

Tahadhari moja: mawe ya kuchangia yasichimbwe kandokando ya korongo. Kuchimba huko kunalegeza ukingo na kuyaleta maji karibu zaidi na nyumba. Haifai kujenga mfereji kwa kuvunja kingo za korongo.

Mwisho, ombi lenu litaje ni nani atakayezibua mfereji baada ya sherehe ya ufunguzi. Mfereji usiosafishwa hugeuka jalala, na mvua ya kwanza hulirudisha jalala hilo ndani ya nyumba. Pangeni zamu kwa nyumba kumi kumi, mziandike katika daftari lile lile.

Kuomba kwa namna hii si kunyoosha mkono mtupu. Anayekwenda ofisini na daftari lililojaa anapeleka kazi iliyokwisha anza, akitaka mwenzi wa kuimaliza. Msimu wa mvua haungoji ofisi wala mtaa. Kila Jumamosi ya kiangazi inayopita bila sululu kuinuliwa ni deni litakalodaiwa usiku, mvua inaponyesha vilimani.