Kulitengeneza Gari Kongwe la Kasi: Tairi, Kamani na Umuhimu wa Utaratibu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii aghalabu hufundishwa darasani kama funzo la maadili, lakini fundi wa gari huiona ikitimia kila siku mbele ya macho yake. Mfano mwafaka ni gari aina ya Subaru Impreza la kizazi cha kwanza, lililoanza kuundwa mwaka 1992 na kurithiwa na kizazi cha pili mwaka 2000. Jina lake lilivuma nchini Kenya kupitia mashindano ya Safari Rally, ambayo Colin McRae aliyashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza. Toleo lake la barabarani lenye nguvu nyingi, yaani WRX, lingali linaenziwa na wapenzi wa magari.

Hata hivyo, hata lile lililo changa zaidi katika kizazi hicho limepita umri wa miaka 20. Injini yake huenda ikawa ingali na nguvu, ilhali mipira iliyo chini yake imekauka na kamani zimechoka. Wamiliki wengi wa magari kama haya huanza kwa kulishusha gari na kulivisha rimu kubwa. Makala haya yanafafanua kwa nini kazi hiyo inafaa kufuata utaratibu mwingine: tairi kwanza, kisha viungo vilivyochakaa, halafu kamani na shokomzoba, na mwisho kunyoosha magurudumu.

Istilahi na Maana Zake

Kabla ya kuzieleza hatua hizo, ni vyema kuyabainisha maneno yenyewe. Kiswahili hakijapungukiwa katika uwanja huu. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari. Kamani, neno lenye asili ya Kiajemi linalohusiana na upinde, hutaja chuma kinachojikunja chini ya uzito na kurudi katika umbo lake. Shokomzoba ni neno la mkopo lililoswahilishwa, nayo kazi yake ni kuituliza kamani isiendelee kurukaruka baada ya gari kupita tuta. Bushi ni pete ya mpira iliyo katika maungio ya vyuma, ambayo huviruhusu vyuma hivyo kucheza kidogo bila kugongana.

Kuna istilahi mbili ambazo huchanganywa mno. Kusawazisha gurudumu ni kubandika vipande vidogo vya uzito kwenye rimu ili gurudumu lizunguke bila kutetema. Kunyoosha magurudumu ni kurekebisha pembe ambazo magurudumu yanaelekea. Usukani unaotetemeka katika mwendo fulani huashiria tatizo la kwanza. Gari linalovuta upande mmoja, au tairi linaloliwa ukingoni, aghalabu huashiria la pili. Mteja anayeomba huduma moja ilhali anahitaji nyingine hulipa fedha zake na kurudi barabarani na hatari ile ile. Hivyo basi, usahihi wa msamiati hapa si suala la ufasaha pekee. Ni suala la uhai.

Hatua ya Kwanza: Tairi

Gari zima hukutana na barabara katika sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Breki, usukani na nguvu za injini hupitia hapo. Kwa sababu hiyo, hakuna kamani ya bei ghali inayoweza kufidia tairi bovu.

Jambo la kwanza kuchunguzwa ni umri. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kuundwa; 1419, kwa mfano, ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Mpira hugumu kadiri unavyozeeka hata kama mifereji yake ingali na kina. Tairi la aina hiyo huweza kupendeza macho lakini likateleza vibaya siku ya mvua. Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi lisipite miaka 10, hata kama linaonekana zima.

Jambo la pili ni ulinganifu. Impreza WRX husukumwa na magurudumu yote manne, na katikati ya mfumo wake mna kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi la kipimo cha 205/50R16, ambacho ni miongoni mwa vipimo vya asili vya gari hili, lina mzingo wa takriban milimita 1,920. Likipungua kina kwa milimita 1, mzingo hupungua kwa milimita 6 hivi. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini matairi yasiyolingana hukilazimisha kifaa hicho kufanya kazi bila kupumzika hadi kipate joto na kuharibika. Kwa hiyo matairi manne yawe ya aina moja na yaliyochakaa kwa kiwango kimoja.

Jambo la tatu ni upepo. Kipimo cha kuanzia ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji, na hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Joto likipanda kwa digrii 10 za selsiasi, shinikizo huongezeka kwa takriban paundi 1.5 hadi 2 kwa kila inchi ya mraba. Anayepima adhuhuri baada ya safari ndefu kisha akapunguza upepo huamka asubuhi na tairi lililolegea.

Hatua ya Pili: Viungo Vilivyochakaa

Bushi iliyopasuka huliacha gurudumu lichague njia yake lenyewe. Dereva huhisi gari likiyumba anapofunga breki, naye hudhani kamani ndizo mbovu. Akiweka kamani ngumu juu ya bushi zilizokufa, ugumu huo huzidisha mzigo kwenye maungio yale yale dhaifu. Huu ndio ufa unaogeuka kuwa ukuta.

Katika kubadilisha bushi, kuna kosa moja linalofanywa hata na mafundi wazoefu. Gari huwa limeinuliwa kwa jeki na magurudumu yananing'inia, nao hukaza bolti zote papo hapo. Gari likishushwa, mpira wa bushi hujipinda na kubaki umepindika daima, hata gari likiwa limesimama. Bushi mpya hupasuka mapema, na lawama huwekewa duka la vipuri. Njia sahihi ni kuzikaza bolti hizo kikamilifu wakati uzito wa gari umekalia magurudumu yake.

Hatua ya Tatu: Kamani na Shokomzoba

Vifaa hivi viwili ni mume na mke. Hubadilishwa kwa kuangaliana. Kamani ngumu ikiwekwa pamoja na shokomzoba iliyochoka, gari hudundadunda, na tairi linalodunda haliishiki barabara. Kadhalika, shokomzoba hubadilishwa mbili mbili, za kushoto na kulia katika ekseli moja.

Kulishusha gari kupita kiasi kuna hasara mbili. Kwanza, nafasi ya gurudumu kupanda hupungua, na katika barabara zenye matuta na mashimo kamani hufika mwisho wake, gari likagonga na kupoteza mshiko. Pili, mikono ya chini inayoshika magurudumu huinama kinyume na ilivyokusudiwa, nalo gari huweza kulala zaidi kwenye kona badala ya kupungua. Ni kinaya kwamba anayelishusha gari ili lisilale huweza kuyapata yale aliyoyakimbia.

Impreza ina sifa nyingine: injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele, hivyo pua yake ni nzito. Likiingizwa kwenye kona kwa kasi, hupenda kwenda moja kwa moja badala ya kukata. Fimbo ya nyuma inayozuia gari kulala, ikiwa nene kidogo kuliko ya asili, hupunguza tabia hiyo bila kuliharibu gari kwa matumizi ya kila siku.

Hatua ya Mwisho: Kunyoosha Magurudumu

Kazi hii hufanywa mwisho kwa kuwa kila badiliko lililotangulia huzivuruga pembe. Pembe mbili ndizo muhimu zaidi. Ya kwanza ni mlalo wa gurudumu: sehemu ya juu ikiinamia ndani kwa takriban digrii 1 hadi 1.5 upande wa mbele, tairi hukanyaga vizuri zaidi kwenye kona. Likiinamishwa kupita hapo, huliwa ukingo wa ndani mahali ambapo dereva haoni. Ya pili ni uelekeo, ambao hufanana na nyayo za mtu: vidole vinaweza kuelekeana au kutengana. Kwa gari la barabarani, nyayo zilizonyooka ndizo salama. Uelekeo mbaya hula tairi upesi kuliko mlalo mbaya.

Hitimisho

Imebainika kwamba gari kongwe halihitaji kuboreshwa kabla ya kurejeshewa uzima wake. Anayefuata utaratibu huu, akibadilisha jambo moja kwa wakati na kuandika daftarini alichohisi, hujua kila shilingi imefanya kazi gani. Anayeanza mwisho hulipia kazi ile ile mara mbili, na wakati mwingine gharama hiyo hulipwa na abiria au mpita njia. Kwa wataalamu wa Kiswahili, somo ni kwamba maarifa haya yanaelezeka kikamilifu katika lugha hii. Kijana anayejifunza ufundi anastahili kuyasoma kwa maneno yale yale anayoyasikia gerejini, yakiwa yamefafanuliwa na kusanifishwa, ili anapoambiwa anyooshe asije akasawazisha.