Friza ya Luberizi huhesabiwa kwa saa za umeme

Mwezi ukiwa gizani, taa za wavuvi hutapakaa juu ya Ziwa Tanganyika mbele ya Uvira, na asubuhi yake ndagala huteremshwa kwenye bandari ya Kalundu kwa wingi hadi bei inashuka. Mbalamwezi ikirudi, ndagala hawakusanyiki tena chini ya taa, mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Ndiyo maana mama mwenye friza katika bonde la Ruzizi, awe wa Sange, Luberizi au Luvungi, hupenda kununua sana siku za giza. Anawaza vizuri: anunue rahisi leo, watoto wale baadaye, na kikibaki kidogo amwuzie jirani. Lakini samaki hao watakaa muda gani bila kumdhuru mtu?

Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, vijidudu haviwezi kuzaliana. Chakula kilichoingia kikiwa kizima, kikakaa kwenye baridi hiyo bila kukatizwa, hakitamwumiza mlaji hata mwaka ukipita. Kinachopungua ni utamu, kwa sababu mafuta ya samaki huendelea kuharibika polepole hata ndani ya barafu. Idara za serikali ya Marekani zinazosimamia usalama wa chakula hushauri samaki wenye mafuta mengi wasizidi miezi 2 hadi 3, nyama ya kusaga miezi 3 hadi 4, vipande vya kuku miezi 9, na kuku mzima mwaka. Ndagala ni wa ukoo mmoja na sadini, basi ningewaweka kwenye kundi la miezi 3 na wala nisiongeze.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo iliandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo umeme haukatiki. Huku kwetu mitambo iko juu ya mto uleule unaopita kando ya bonde: Ruzizi ya kwanza, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, ya 1989, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zinaitumia kwa ubia. Mashine zimezeeka, taka za plastiki kutoka Ziwa Kivu huziba njia ya maji, na mahitaji yamezidi uwezo. Mtu anayetegemea shirika la umeme la SNEL, jenereta au paneli za jua hawezi kuuliza miezi tu. Aanze kuuliza umeme ulikatika saa ngapi, na ulirudi saa ngapi.

Friza iliyojaa, ikifungwa bila kuguswa, hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu hushika kama saa 24. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ijazwe chupa za maji, zigande pamoja na samaki zisaidie kuitunza baridi. Adui mkubwa ni mkono wa mwenye nyumba. Friza nyingi vijijini ni duka pia, zinauza maji baridi na juisi za vifuko, na mlango hufunguliwa kutwa. Paneli zikilala jioni, friza iliyofunguliwa namna hiyo haina baridi ya kuivusha usiku. Samaki wa familia wasikae humo. Kama friza ni moja tu, basi wakae humo siku chache, mradi barafu yao haijayeyuka, si miezi.

Kosa jingine ni kumwaga ndoo nzima ya ndagala kwa mpigo mmoja. Wa pembeni huganda, wa katikati hukaa na joto kwa saa nyingi na kuanza kuoza. Mmarekani Clarence Birdseye, aliyeishi Labrador kabla ya 1920, aliona wenyeji wakivua kwenye baridi kali na samaki akiganda papo hapo, kisha baada ya miezi nyama yake ikiwa bado nzuri. Kuganda haraka hutengeneza chembe ndogo za barafu zisizopasua nyama, na biashara ya vyakula vilivyogandishwa ilijengwa juu ya jambo hilo. Mama wa Luberizi anaweza kulikaribia kwa vifuko vyembamba vilivyolazwa bapa, vichache vichache.

Utajuaje kama friza iliyeyuka ukiwa hupo? Gandisha kikombe cha maji, kisha weka juu yake jiwe dogo au msumari. Ukirudi na kukuta jiwe limezama ndani ya barafu, friza iliyeyuka ikaganda tena. Hili nalisisitiza kwa sababu ya Desemba 2025, mapigano yalipofika Luvungi, Sange na Uvira na maelfu wakavukia Burundi. Anayerudi nyumbani na kukuta friza inanguruma asidanganyike na barafu iliyo juu ya nyama. Kama hajui umeme ulikaa siku ngapi bila kuwapo, atupe vyote. Najua inauma kutupa chakula baada ya kupoteza mengi, na bado nasema atupe.

Wapo watakaosema tutachemsha sana. Kuchemsha huua vijidudu, lakini baadhi ya sumu vilizokwisha kuziacha haziondoki kwa moto. Samaki wa jamii ya sadini na tomson wa barafu kutoka baharini, wakikaa kwenye joto, hujenga sumu inayoufanya uso uwe mwekundu, kichwa kiume na tumbo livurugike, hata wakipikwa kutwa. Nyama au samaki ambao bado wana barafu ndani wanaweza kupikwa au kugandishwa tena. Waliolainika na kukaa zaidi ya saa 2 ni wa kutupwa, na mchana ukipita nyuzi 32, jambo linalotokea bondeni, kikomo ni saa 1.

Na barafu yenyewe? Uvira na vijiji vyake vinakijua kipindupindu kwa miaka mingi. Kugandisha maji hakuyasafishi: kijidudu cha kipindupindu hustahimili baridi, na kifuko cha maji ya mto kikigandishwa kinabaki maji ya mto. Maji ya kuuza yachemshwe au yatiwe dawa kwanza, ndipo yaingie friza.

Na uvuvi ukifungwa je? Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na nchi za ziwa zilikwisha kukubaliana juu ya mapumziko ya namna hiyo. Ni miezi 3 kamili, muda uleule ambao ndagala wa friza anaanza kupoteza ladha hata kwenye umeme usiokatika. Kwa nyumba ya Luberizi, akiba ya muda huo iwe ndagala waliokaushwa juani vizuri juu ya vichanja, mbali na mchanga, na mikebuka waliobanikwa kwa moshi. Friza ibaki kwa nyama ya wiki hii, sombe iliyochemshwa, maharagwe yaliyopikwa mengi ili kuokoa kuni, na kuku wa sikukuu iliyo karibu.