Injini ya Pikapu Kuukuu: Kufufua au Kung'oa

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako pikapu kuukuu bado hubeba samaki kutoka fuo za Sori na Mbita, mbolea, na magunia ya mahindi siku za soko, swali la kung'oa injini ya asili na kuweka nyingine huzuka pindi gari linapoanza kufuka moshi au kushindwa na mlima, na mmiliki hushauriwa upesi anunue injini iliyotumika kutoka Japani, ushauri ambao mara nyingi hutolewa kabla hata boneti haijafunguliwa.

Jambo la kwanza ni kujua kilichochoka. Moshi wa buluu huashiria kwamba oili inaungua, mweusi kwamba mafuta yamezidi hewa, na katika injini ya petroli, mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria maji ndani ya silinda. Ushahidi wa kutegemewa zaidi hutokana na kupima kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni huweza kuigandamiza hewa ndani ya silinda. Kipimo cha injini ya petroli kikiwa chini, fundi humimina oili kidogo katika silinda na kupima tena: kikipanda, ringi za pistoni zimelika; kisipopanda, kasoro huenda iko kwenye valvu au gasketi ya kichwa cha silinda, na kazi hiyo hufanyika injini ikiwa palepale ilipo. Tena Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako wepesi wa hewa huipunguzia injini isiyo na tabochaja karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, kwa hiyo si kila injini inayohema ikipanda kutoka Homa Bay kuelekea Rongo ni injini mbovu.

Peugeot 504, ambayo Wakenya huiita Pijo na ambayo iliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, ina hoja nzito ya kubaki na injini yake. Katika injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971, pistoni hupanda na kushuka ndani ya silivu, yaani bomba la chuma lililopachikwa kwenye bloku, hivi kwamba likilika hutolewa na kubadilishwa pamoja na pistoni na ringi zake, bila bloku yenyewe kuchongwa. Maadamu bloku haijapasuka na vipuri vinapatikana, ovahoo, yaani kuifufua injini ileile, ndiyo njia ya busara; vipuri vikiadimika, hoja hiyo hudhoofika.

Hali ya Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 2L, ya sentimita za ujazo 2,446, ni tofauti, kwani kichwa chake cha silinda hupasuka kwa urahisi injini ikichemsha, na 3L ya sentimita za ujazo 2,779, iliyo ya ukoo huohuo, huingia mahali pake bila mageuzi makubwa.

Ugumu huanza injini ya ukoo mwingine inapotafutwa, hasa dizeli mahali pa petroli. Dizeli ni nzito zaidi, hivyo springi za mbele huinama. Huzunguka polepole zaidi, hivyo difu iliyopangiwa petroli hulifanya gari lipige kelele bila kwenda. Nayo gia boksi, propela, rediyeta na waya huhitaji kubadilishwa au kurekebishwa, na bei inayotajwa dukani haijumuishi hata kimoja kati ya hivyo. Nguvu zikiongezeka, breki nazo zinapaswa kutazamwa.

Hatimaye kuna sheria. Namba ya injini imeandikwa katika logbuku, kwa hiyo mabadiliko ya injini lazima yasajiliwe na NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, na mmiliki anapaswa kudai risiti na hati za forodha kabla ya kulipa, kwa kuwa injini isiyo na karatasi huenda ilitolewa kwenye gari la wizi, na maelezo ya mdomo hayatamfaa kitu atakaposimamishwa kwenye barabara ya Isebania.